Utepe wa Bwawa la Utulivu

Kuna nchi moja, na msiniulize iko wapi, maana hata ramani yake haijazinduliwa. Ipo kabatini, imefungwa utepe, inamsubiri mgeni rasmi. Watu wa nchi hiyo ni wema, wakarimu, wanapenda chai na salamu ndefu. Wana sheria moja tu kubwa, na nyingine zote ni watoto wake: kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja likijengwa likakamilika, magari yakapanga foleni pande zote mbili, kama utepe haujakatwa basi pale ni mtoni tu, na anayetaka kuvuka avue viatu.

Nchi yenyewe inaitwa Utepeni. Huko ndiko aliko Bi Mwanahija, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na hasira ya kufichwa, pamoja na binti yake, Tunu.

Tunu ana usonji. Maneno ya watu anayasikia yote, na anayaelewa kuwashinda baadhi ya mawaziri, ila yeye mwenyewe hasemi. Kelele zinamuumiza, na hapo sitanii hata kidogo. Filimbi ikipulizwa karibu yake huziba masikio akalia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Nyumbani ana kazi yake: mama akimaliza kushona, Tunu huchukua mkasi na kukata kila uzi unaoning'inia. Ukibaki mmoja, hali chakula mpaka aupate. Sare za Bi Mwanahija zilisifiwa wilaya nzima kwa usafi wa pindo, na sifa zile, haki ya nani, zilikuwa za Tunu.

Kitu kingine alichokipenda Tunu ni maji. Tangu akiwa na miaka mitano aliogelea kwenye lambo la kumwagilia mashamba, nyuma ya nyumba ya babu yake. Kule hapakuwa na filimbi wala makofi. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akitoka amelegea, anakula vizuri, analala usingizi wa kweli. Alipofikisha miaka kumi na mmoja, serikali ikagundua kwamba lile lambo halijawahi kuzinduliwa. Jamani! Watu wamemwagilia mchicha miaka arobaini kwa maji yasiyokuwepo. Likazungushiwa utepe siku hiyohiyo.

Basi mwili wa Tunu ukakosa pa kwenda. Akaanza kuizunguka meza ya cherehani, mizunguko mia, mia mbili, mpaka sakafu ikachimbika njia. Usingizi ukapotea. Akaanza kujing'ata mkono mpaka ukaota sugu. Bi Mwanahija akampeleka kwa daktari, naye daktari akasema, "Mama, huyu si mgonjwa. Mwili wake unataka kujongea. Mtafutie pa kuogelea, au pa kukimbia, popote pale."

Popote pale! Daktari yule, nadhani, alikuwa mgeni nchini.

*

Mama akaanza na Jumamosi ya Viungo. Kila Jumamosi kata nzima hukusanyika uwanjani kufanya mazoezi kwa afya ya taifa. Kuna spika nane kubwa, mkufunzi mwenye filimbi, na dakika tano za mazoezi zikitanguliwa na saa mbili za utambulisho. Ila kuingia uwanjani sharti uwe na Cheti cha Uchangamfu, na cheti hupatikana kwa mtihani wa mambo matatu. Utabasamu. Umtazame afisa machoni. Na afisa akisema "Mazoezi!" uitikie "Oyee!" bila kusita.

Tunu hakutabasamu. Hakumtazama afisa machoni, alikitazama kifungo cha koti lake, kilichokuwa na uzi unaoning'inia. Afisa akapaza sauti, "Mazoezi!" Tunu akanyoosha mkono, akauvuta ule uzi. Kifungo kikadondoka, kikabingirika mpaka chini ya kabati.

"Amefeli," akasema afisa, akiwa amepiga magoti anakitafuta. "Halafu, mama, huyu hana furaha. Michezo ni furaha. Mtu asiye na furaha akifanya mazoezi anaweza kuumia."

"Atafurahi akishaanza," akajibu Bi Mwanahija.

"Hapana. Utaratibu ni furaha kwanza."

Mama akaona isiwe taabu, binti akimbie tu mtaani. Siku ya tatu wakaletwa nyumbani na gari la polisi, wote wawili, mama akiwa bado na ndala moja mkononi.

"Huyu anamkimbia nani?" polisi aliuliza.

"Hamkimbii mtu. Anafanya mazoezi."

"Peke yake? Bila bango? Bila fulana za mdhamini?" Polisi akasikitika kwa dhati, maana alikuwa mtu mwenye watoto. "Mama, sheria ya kukimbia inataka watu wasiopungua kumi na mmoja na bango mbele. Chini ya hapo hatuwezi kujua kama ni mazoezi au ni wizi."

*

Sasa msije mkadhani kwamba serikali ya Utepeni haikujali. Ilijali sana. Ilijenga bwawa la kuogelea mahsusi kwa vijana wenye usonji, na likawa zuri kwelikweli. Mhandisi wake alikuwa mama mmoja mkimya ambaye hakuna aliyemwuliza kitu, na kwa kuwa hakuulizwa, akafanya kazi vizuri. Akajenga kuta nene zisizorudisha mwangwi, taa zisizochoma macho, ngazi za kuingilia majini taratibu. Wakaliita Bwawa la Utulivu. Lilikamilika, likajazwa maji, likafungwa utepe mwekundu langoni.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita.

Utepe uliwekewa mlinzi, Shomari, aliyeupigia saluti asubuhi na jioni. Ndani wakaingia vyura, maana vyura hawana itifaki. Wizara ya Viungo na Uchangamfu ilitoa taarifa kila mwaka kwamba Bwawa la Utulivu linahudumia wanufaika mia nne na kumi na wawili, wote wakiwa na afya njema na sauti nzuri. Vyura walihesabiwa mmoja mmoja, hapo hakuna udanganyifu.

Kila asubuhi Bi Mwanahija alimleta Tunu langoni. Tunu aliyasikia maji ndani. Akausogelea utepe, akauangalia jinsi jua lilivyoula, jinsi ulivyochanika pembeni na kutoa nyuzi, mwaka hadi mwaka nyuzi zaidi. Mkono wake ukaufuata uzi mmoja.

"Usiuguse, mwanangu," Shomari alimsihi. "Ukiguswa huo, mimi sina kazi."

"Si wabadilishe basi waweke mpya?" Bi Mwanahija aliwahi kumwuliza. "Umeoza huu."

"Walitaka, dada. Lakini utepe mpya nao lazima uzinduliwe, na kuuzindua unahitaji utepe mwingine. Wakakaa kikao, wakaumwa vichwa, wakaacha."

*

Mwenye mamlaka juu ya tarehe za uzinduzi alikuwa Afisa Itifaki, Bwana Ngwali, mtu nadhifu, mwenye kalamu nne mfukoni na jibu moja mdomoni. Bi Mwanahija alilijua jibu hilo kwa moyo. Miaka sita alikwenda, miaka sita alijibiwa, "Njoo Jumatatu." Akienda Jumatatu, aliambiwa hakusema Jumatatu ipi.

Jumanne moja, ajabu, Bwana Ngwali alisimama kumpokea.

"Hongera, mama!"

"Ya nini tena?"

"Binti yako Ijumaa hii anatimiza miaka kumi na minane. Anapona."

Bi Mwanahija akakaa chini bila kukaribishwa.

"Sheria yetu," akaeleza Bwana Ngwali kwa furaha, "ni ya vijana wenye usonji walio chini ya miaka kumi na minane. Baada ya hapo hakuna fomu, hakuna dawati, hakuna afisa. Serikali sikivu haiwezi kumwachia mwananchi ugonjwa usio na dawati. Kwa hiyo unaisha."

"Usonji si ugonjwa, bwana."

"Vizuri, basi kuisha kwake ni rahisi zaidi. Hii hapa Fomu ya Kuaga Usonji. Binti ataweka dole gumba."

"Na bwawa?"

"Bwawa ni la wenye usonji, mama. Kuanzia Ijumaa yeye hayumo."

Nawaambia, mwanamke yule alihisi miaka sita yote imemkalia kifuani. Aliukumbuka mkono wa mwanawe wenye sugu ya meno. Hakulia. Akasema, "Bwana Ngwali, nakuomba kwa jina la mama yako. Zimebaki siku mbili. Njoo wewe mwenyewe, chukua mkasi, ukate. Mtoto aingie majini hata mara moja."

"Mimi?" Bwana Ngwali aliruka. Akafungua Kitabu cha Itifaki, kitabu kinene kushinda mto wa kulalia. "Kifungu cha Tisa! Nilikiandika mimi. Anayeukata utepe ndiye mgeni rasmi, awe nani awaye. Tuliweka hivyo baada ya mawaziri wawili kugombania mkasi kwenye uzinduzi wa choo cha stendi, mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Utepe ukishakatwa, hakuna kinywa kufunguka wala chombo kupigwa mpaka mgeni rasmi ahutubie na kumaliza. Na tarehe haibadiliki mpaka hotuba iishe, maana waheshimiwa huchelewa, na jiwe la uzinduzi haliwezi kusema uongo. Mgeni rasmi akichoka, anaruhusiwa kwenda kupumzika na kurudi atakapo. Wengine wote wanamsubiri vitini." Akafuta jasho. "Sasa mimi, mama, nikisimama mbele ya watu napatwa na kwikwi. Unataka taifa lisimame kwa kwikwi yangu?"

Bi Mwanahija akainuka aondoke. Wakati huohuo simu ikalia. Bwana Ngwali akasikiliza, akasema ndiyo mheshimiwa mara kumi na moja, akaikata.

"Mama, una bahati wewe! Uzinduzi wa miavuli umeahirishwa kwa sababu ya mvua. Mheshimiwa Waziri ana nafasi Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Tunu angekuwa bado na miaka kumi na saba.

*

Alhamisi ikafika, na Bwawa la Utulivu likazinduliwa kwa heshima zote. Spika ishirini. Bendi mbili za matarumbeta, moja ya jeshi na nyingine ya wivu wa jeshi. Kwaya ya watumishi. Wapuliza filimbi sitini, na mizinga mitatu juu ya kilima. Viti vya wanufaika vilipangwa mbele kabisa, chini ya spika kubwa kupita zote, ili wasipitwe na kitu. Kila kijana alivishwa fulana yenye uso wa Mheshimiwa Sifuni Majigambo, Waziri wa Viungo na Uchangamfu.

Bi Mwanahija alikuwa amemshonea Tunu kitambaa cha kuziba masikio, cha kanga, kimejazwa pamba pande mbili. Bwana Ngwali alikivua kwa mkono wake.

"Mama, kuziba masikio mbele ya Waziri ni kukataa kuisikia serikali."

"Zinamuumiza hizo kelele! Si mpunguze? Bwawa lenyewe linaitwa la Utulivu."

"Utulivu utaanza baada ya kuzinduliwa. Kwa sasa kelele ndiyo heshima." Halafu akamshika Tunu bega, akamkabidhi sinia lenye mto wa mahameli, na juu ya mto mkasi wa dhahabu. "Mnufaika atashika mkasi. Picha itapendeza."

Mheshimiwa Majigambo aliwasili akiwa amechelewa saa nne, ambazo kwa hesabu za kwao ni kuwahi. Matarumbeta yakalia. Filimbi sitini zikalia. Mzinga wa kwanza ukapigwa, na vyura wote mia nne na kumi na wawili wakahama. Tunu aliyafumba macho. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, mwili ukipepesuka mbele na nyuma, mikono haiwezi kuziba masikio kwa sababu imeshika sinia. Bi Mwanahija alitaka kumfuata, askari wawili wakamzuia.

"Mwacheni mwanangu! Mnamuua!" alipiga kelele, na kwaya ikammeza.

Waziri akasogea langoni. Akaagiza wapiga picha wahamie kulia, upande wake mzuri. Akarekebisha tai. Akarekebisha tena. Na Tunu, pale aliposimama, akafumbua macho.

Mbele yake palikuwa na utepe. Ulikuwa umechakaa kwa miaka sita ya jua, nyuzi zinaning'inia kila pembe, na kwenye sinia lake palikuwa na mkasi. Katika kelele zote zile hicho kilikuwa kitu kimoja tu alichokielewa. Akaliweka sinia chini, akauchukua mkasi, akaanza kazi. Akakata uzi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni onyesho. Alifuata pindo taratibu, kama anavyofanya nyumbani, mpaka akafika katikati, pale ambapo utepe wenyewe ulikuwa umeoza ukabaki uzi mmoja mnene.

Akaukata na huo.

Utepe ukaanguka vipande viwili.

"Nani—" alianza Waziri, lakini Bwana Ngwali, akiwa mweupe midomo, alikuwa ameshainua Kitabu juu kwa mikono miwili, kimefunguliwa Kifungu cha Tisa. Na utii wa watu wa Utepeni msiuchezee. Matarumbeta yakashuka. Filimbi zikatolewa vinywani. Kule kilimani askari akauzima utambi wa mzinga wa pili kwa vidole vyake, akaung'ata ulimi asipige yowe. Mheshimiwa Majigambo alibaki ameacha mdomo wazi, akaufunga kwa mkono.

Kukawa kimya. Kimya cha kweli, ambacho nchi ile haikuwahi kukisikia tangu ipate uhuru, kama uhuru wenyewe ulizinduliwa.

Watu wote wakamgeukia mgeni rasmi.

Tunu alisimama kitambo. Mabega yakamshuka. Akaurudisha mkasi juu ya sinia, akavua viatu, akavipanga vizuri, akaingia langoni. Shomari mlinzi, kwa kuwa mbele yake alipita mgeni rasmi, akampigia saluti. Bi Mwanahija akawapita askari, akamfuata mwanawe mpaka ukingoni. Akamwona akishuka ngazi taratibu, maji yakimfika magotini, kiunoni, kifuani, uso wa Waziri kwenye fulana ukizama mpaka kwenye nywele. Halafu Tunu akajitupa mbele, akaogelea.

Alikwenda na kurudi. Miaka sita, na mikono haikuwa imesahau kitu. Mama akakaa pale chini akalia kwa raha zake, kimyakimya, kwa mujibu wa sheria.

*

Jioni Tunu akatoka majini, akapita mbele ya kipaza sauti. Meza kuu yote ikasimama kwa matumaini. Akasimama mbele ya Mheshimiwa Majigambo, akamtazama begani. Waziri akamwitikia kwa kichwa kumtia moyo, machozi yakimlengalenga, maana tangu saa nane alikuwa na haja na haruhusiwi kunyanyuka. Tunu akanyoosha mkono, akamtoa uzi kwenye koti. Akaenda nyumbani kupumzika, kama Kifungu kinavyomruhusu.

Asubuhi akarudi. Wote walikuwepo vitini.

Tangu hapo anakuja kila asubuhi. Habari zikaenea, na vijana wengine wenye usonji wakaanza kuja, kutoka wilaya za mbali, wengine wakubwa wenye ndevu, waliopona kisheria miaka mingi iliyopita. Wanaogelea, wanalizunguka bwawa mbio bila bango, mmoja anarukaruka tu mahali pamoja kwa saa nzima, na hakuna wa kumwuliza kitu. Walioshika filimbi bado wanazishika. Wake wa waheshimiwa huleta chakula na kuondoka kwa kunyata. Wizara inaendeshwa na karani mmoja, na inasemekana haijawahi kwenda vizuri namna hii.

Majuzi Bwana Ngwali alishindwa kuvumilia. Ndevu zimemfika kifuani, kalamu tatu zimekauka. Kwa ile ya nne akaandika kwenye kikaratasi, akakipitisha kutoka mkono hadi mkono mpaka kikamfikia Bi Mwanahija pale ukingoni, akiwa anashona pindo kwa mkono. Aliandika hivi: "Mama, nakuomba kwa jina la mama yangu. Mgeni rasmi atahutubia lini?"

Bi Mwanahija alikisoma mara mbili. Akamtazama Tunu majini, mwenye miaka kumi na saba. Akakigeuza kikaratasi, akaandika jibu lake nyuma, akakirudisha.

Bwana Ngwali akakifungua. Kilisema, "Njoo Jumatatu."

Na pale bwawani, mpaka hivi ninavyowasimulia, bado ni Alhamisi.